Wasichana wa Msituni na Nguo za Chini ya Lundo

Kila nikipita soko la Karume pale Ilala mwisho wa juma, naona jambo lile lile. Belo likikatwa kamba, mikono inakimbilia jinzi, fulana za mpira na raba. Jua likishapanda, chini ya lundo zimebaki nguo za aina moja: gauni pana la pamba lisilobana popote, gagulo lenye lesi pindoni, blauzi ya kitani yenye rangi ya maziwa, sweta la sufu lililofumwa kwa mkono na kupungukiwa kifungo kimoja. Wauzaji huziita nguo za bibi. Huziuza kwa bei ya kutupa, na zisipopata mtu jioni hiyo huishia gereji kuwa matambara ya kufutia mikono.

Tokyo wapo wasichana ambao wangedamka alfajiri kulifuata lundo hilo. Kwao gagulo la lesi, gauni pana na sweta la mkono ndiyo mavazi yenyewe, tena ya kutokea. Mtindo wao unaitwa mori kei, na wenyewe wamezoea kuitwa wasichana wa msituni, kwa kuwa huvaa kama watu wanaoishi kwenye kibanda katikati ya miti, ambao wametoka mara moja tu kuja mjini kununua mkate.

Nimeufuatilia mtindo huu kwa miaka, na sitaki kuzunguka. Naamini wasichana wale walishika jambo ambalo nyumba nyingi za hapa kwetu zinaliachia: uzuri wa nguo hutengenezwa na anayeivaa, kwa jicho lake la kuchagua na mkono wake wa kurekebisha. Hakuna duka linaloweza kumfanyia mtu kazi hiyo. Na mtindo wao ulianza kudhoofika siku maduka yalipojitolea kuwafanyia.

Kauli ya rafiki

Mwaka 2006, ndani ya mixi, mtandao wa kijamii wa Wajapani ulioanzishwa miaka miwili kabla, mwanamke mmoja kijana alifungua kikundi. Rafiki yake alikuwa amemwambia kwamba amevaa kama mtu wa msituni. Mwingine angenuna. Yeye aliipenda kauli ile, akaandika orodha ndefu ya mambo yanayomtambulisha msichana wa msituni, na akawakaribisha wenzake. Waliitikia kwa maelfu.

Orodha ile ilitaja nguo, ndiyo: gauni la kipande kimoja lililolegea, soksi ndefu, lesi ya zamani, sufu, kijimkoba cha kuning'iniza begani, viatu vyenye ncha ya mviringo. Lakini haikuishia hapo. Iliingia katika mwenendo: kupenda kutembea kwa miguu na kamera mkononi, kuvutiwa na mikahawa midogo ya vichochoroni, kuthamini vitu vilivyopitiwa na mikono ya mtu. Je, ni mitindo mingapi ya mavazi unayoijua inayomwambia mfuasi wake atembee taratibu na atazame? Mingi humwambia anunue, basi.

Rangi zao ni za kutulia: nyeupe iliyofifia, kahawia, kijani kilichokolea, damu ya mzee, buluu ya usiku. Nguo huvaliwa juu ya nguo, gagulo likachungulia chini ya gauni, gauni likachungulia chini ya sweta, na mtandio ukafunika mabega. Hakuna kinachobana. Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja aliyekulia kwenye nyumba ya madera anaweza kuuliza kuna jipya gani hapo, na swali lake ni la haki. Jipya lilikuwa mahali. Kwa Tokyo ya wakati ule, ambako wasichana wa Shibuya walisifika kwa visigino virefu, nywele za rangi na sketi fupi, kutoka nyumbani ukiwa umejifunika kwa pamba na sufu kuukuu kulikuwa ni kukataa kitu waziwazi. Msichana wa msituni alikuwa akisema kwamba havai ili atazamwe na wanaume barabarani. Alivaa kwa sababu kitambaa kile kilimpendeza yeye mwenyewe, akikigusa.

Mtindo haukudondoka kutoka hewani. Miaka ya 1970 mbunifu Isao Kaneko, kwa jina la biashara la Pink House, alishawazoesha Wajapani magauni mapana ya pamba yenye maua na mikunjo. Kabla yake, mwaka 1952, Hanako Muraoka alitafsiri kwa Kijapani riwaya ya L. M. Montgomery ya yule yatima mwenye nywele nyekundu wa kisiwa kimoja cha Kanada, na vizazi vya wasichana wa Kijapani vikakua na ndoto za kijijini, mikate ya nyumbani na mikono ya gauni iliyovimba. Kisha ikaja hadithi ya picha ya Chica Umino, Honey and Clover, ambayo mmoja wa wahusika wake, Hagumi, ni mwanafunzi wa sanaa mwenye umbo dogo na magauni yaliyopwaya. Filamu yake ilitoka mwaka ule ule wa 2006, na Yu Aoi aliyemwigiza Hagumi akawa kioo cha wengi.

Na nguo zilipatikana wapi? Hapa ndipo penye kiini cha habari. Zilipatikana Koenji na Shimokitazawa, vitongoji vya Tokyo ambako maduka ya nguo kuukuu yamebanana kwenye vichochoro. Zilitoka kwenye makabati ya bibi zao. Vitambaa vilinunuliwa Nippori, mtaa mzima wa wauza vitambaa, ambako duka la Tomato limejulikana kwa vitambaa vya yeni 100 kwa mita. Lesi iling'olewa kwenye pazia la zamani ikashonewa pindo. Vifungo vilikusanywa kwenye chupa. Msichana wa msituni aliyekamilika hakuwa yule mwenye fedha nyingi. Alikuwa yule mwenye subira ya kufukua lundo.

Msitu uliopandwa kwa michango

Ukishuka kituo cha treni cha Harajuku, kitongoji kinachotajwa dunia nzima kwa mavazi ya mitaani ya vijana, upande mmoja kuna vichochoro vya maduka na makelele. Upande wa pili, hatua chache tu, kuna msitu. Ni msitu mnene wa hekta 70 hivi unaozunguka hekalu la Meiji, na mgeni anaweza kudhani umekuwapo tangu enzi na enzi.

Msitu huo ulipandwa kwa mikono. Kazi ilianza mwaka 1915 na hekalu likafunguliwa 1920. Miti ipatayo 100,000 ilitolewa na watu kutoka pembe zote za Japani, na vijana wa kujitolea wakaipanda. Wataalamu, akiwamo Seiroku Honda, walipanga aina za miti kwa hesabu ya miaka mingi mbele, ili siku moja msitu ujiendeshe wenyewe bila mtunza bustani. Walijua hawatakuwapo kuuona. Leo upo.

Naupenda ukweli huu kuliko hadithi zote za msitu wa kufikirika ambazo wapiga picha huwapamba nazo wasichana wale. Mitaa iliyozaa mavazi ya kujishonea imepakana na msitu uliotokana na vitu vya kutolewa na watu wengine, vikapangwa upya kwa akili na uvumilivu. Gauni la msichana wa msituni limejengwa hivyo hivyo.

Barabara iliyopita pembeni ya msitu huo nayo ina historia yake. Kuanzia mwaka 1977 ilifungwa kwa magari siku za Jumapili, na vijana wakaifanya uwanja wao wa kucheza na kuonyeshana mavazi, mengi ya kujishonea, hadi utaratibu huo ulipokoma 1998. Mpiga picha Shoichi Aoki alianzisha jarida la FRUiTS mwaka 1997 kwa ajili ya vijana wa mitaa ile. Kila picha ilifuatana na maelezo mafupi: umri wa mvaaji, shughuli yake, na kila nguo imetoka wapi. Katika orodha hizo nguo kuukuu na nguo za kujishonea zilikaa bega kwa bega na za wabunifu wakubwa, bila aibu. Jarida hilo la kila mwezi lilisimama mwaka 2017.

Viraka vya kaskazini

Najua pingamizi linalonisubiri, na ni zito. Msomaji wa Mbagala au Kibera atasema: huo ni mchezo wa walioshiba. Binti wa Tokyo anachagua nguo kuukuu akiwa na uwezo wa kununua mpya. Sisi tunavaa mtumba kwa sababu mfukoni hamna kitu. Mtu aliyevaa kiraka kwa lazima hawezi kufundishwa uzuri wa kiraka na aliyekivaa kwa hiari.

Pingamizi hilo siwezi kulipuuza, lakini Japani yenyewe ina jibu lake, na jibu hilo linatoka kwa maskini wake. Mkoa wa Aomori uko ncha ya kaskazini ya kisiwa kikuu cha Honshu. Pamba haikukubali baridi ya huko, kwa hiyo wakulima walivaa nyuzi ngumu za katani. Mwaka 1724 watawala wa Tsugaru, eneo la mkoa huo, waliwapiga marufuku wakulima kuvaa pamba. Je, unalalaje kwenye theluji ukiwa na gunia la katani mwilini? Wanawake walilijibu swali hilo kwa sindano. Walipitisha uzi mweupe juu ya kitambaa cha katani kilichotiwa nili, mshono kwa mshono, hadi matundu yakazibika na joto likabaki ndani. Na kwa kuwa mkono uliozoea kazi huanza kutafuta uzuri, mishono ile, iitwayo kogin, ikawa maua ya pembe nne ambayo hadi leo huwezi kuyatazama ukabanduka upesi.

Nao walikuwa na mitumba yao. Meli za wafanyabiashara zilizopita bahari ya magharibi zilipakia nguo kuukuu na matambara ya wenyeji wa Osaka zikayapeleka kaskazini, ambako yalinunuliwa kwa hamu. Nguo iliyochakaa mjini ilianza maisha mapya kijijini. Kila kipande kilishonewa juu ya kingine, mama akaongeza chake, binti akaongeza chake, hadi likapatikana joho zito la kulalia liitwalo donja, ambalo familia nzima ilijifunika pamoja.

Watoto na wajukuu wa wanawake wale, maisha yalipokuwa nafuu baada ya vita, waliyaonea haya matambara hayo. Yalifichwa, yakatupwa, yakachomwa. Mtafiti Chuzaburo Tanaka, mwenyeji wa Aomori, alitembea vijiji kwa vijiji akiyaokoa, na mwaka 2009 sehemu ya mkusanyo wake iliwekwa kwenye makumbusho ya Amuse huko Asakusa, Tokyo. Hiyo ndiyo miaka wasichana wa msituni walipokuwa kileleni. Leo viraka hivyo vinagombewa na wakusanyaji wa sanaa kwa bei ambazo waliovishona wasingeamini. Usiache mbachao kwa msala upitao, walituambia wazee. Familia za Aomori ziliuacha, na sasa mbachao uko mikononi mwa wageni.

Kwa hiyo namjibu msomaji wa Mbagala hivi: ufundi wa kuipa heshima nguo kuukuu haukubuniwa na walioshiba. Ni wa bibi yako na wa bibi wa Aomori. Walioshiba wameuokota ulipoachwa.

Maduka yalipoingia

Septemba 2008 kampuni ya H&M ilifungua duka lake la kwanza Japani, Ginza, na watu wakapanga foleni ndefu. Novemba ikaingia Harajuku. Aprili 2009 Forever 21 nayo ikafungua Harajuku, jirani kabisa. Uchumi wa dunia ulikuwa umeyumba, mishahara ya vijana imebana, na nguo mpya ya mtindo ilikuwa inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Wakati huo huo majarida yaligundua wasichana wa msituni. Yakatoa matoleo maalumu, yakaonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kufanana nao. Maduka ya nguo yakashona magauni mapana mapya yenye lesi mpya iliyotengenezwa ionekane ya zamani, sweta la kiwandani likafumwa lionekane la mkono. Sasa msichana aliweza kununua msitu mzima kwa alasiri moja, kuanzia kofia hadi soksi.

Kilichofuata ndicho kinachonisikitisha. Ukiweza kununua kitu chote kwa siku moja, utakichoka kwa msimu mmoja. Kufikia miaka michache baada ya 2010 majarida yalikwisha kuhamia kwingine, na mtindo ukapungua mitaani Tokyo. Waliobaki nao, ndani ya Japani na nje yake, kwa kiasi kikubwa ni wale waliokuwa na sindano: wanaofuma, wanaokata wenyewe, wanaobadilisha pazia kuwa sketi. Picha zao zilivuka bahari kupitia intaneti, wapenzi wa Ulaya na Marekani wakazaa matawi yao, likiwamo la wanaovaa msitu wa giza kwa rangi nyeusi na kijivu.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gauni la kiwandani lenye lesi ya kuigiza lina rangi zote za lile la bibi, ila pindo lake halina akiba ya kitambaa cha kuachia mtoto akirefuka, na mshono wake ukifumuka hauna ukingo wa kushonea tena. Hapo zamani Wajapani walijua kuishi na kitambaa hadi mwisho wake. Kimono hukatwa kwa mistari iliyonyooka kutoka kitambaa chenye upana wa sentimita 36 hivi. Kilifumuliwa chote, kikafuliwa vipande vikiwa bapa, kikashonwa upya. Kikichakaa kilikuwa nguo ya mtoto, baadaye nepi, baadaye tambara la sakafu. Leo zaidi ya asilimia 98 ya nguo zinazouzwa Japani, kwa idadi, hutoka nje ya nchi hiyo, na nyingi za zinazokusanywa baada ya kuvaliwa hufungwa na kusafirishwa tena nje, Malaysia ikiwa kituo kikubwa cha kuzichambua. Kutoka kwa wachambuzi, belo halichagui bandari, na baadhi hufika Afrika.

Sindano shuleni

Kuna jambo moja huwa halitajwi mtindo huu unaposifiwa. Wale wasichana waliwezaje kushona? Wengi walifundishwa darasani. Katika shule za msingi za Japani, watoto wa darasa la tano na la sita, wavulana kwa wasichana, wamekuwa wakifundishwa sayansi kimu tangu mwaka 1947. Kila mtoto huwa na kisanduku chake chenye sindano, uzi, mkasi na futi. Anaanza na kifungo, anamaliza na aproni au mfuko wa mgongoni alioushona kwa cherehani. Katika miaka ya 1993 na 1994 somo hilo likawa la lazima kwa wavulana pia katika ngazi za sekondari. Mtindo wa mitaani wa nchi ile umesimama juu ya kisanduku hicho cha mtoto wa miaka kumi na moja.

Sasa tujitazame. Shuleni kwetu mara nyingi nimeona mtoto akichora sindano kwenye daftari na kuitaja sehemu zake kwa mtihani, bila kuwahi kuishika. Sare ikichanika kwapa, mzazi asiyejua kushona ana njia mbili: fundi wa kona, au sare nyingine. Fundi ni mtu wa heshima na simnyimi riziki yake, lakini mshono wa kwapa ni kazi ya nusu saa nyumbani, na nyumba yenye watoto wanne ina makwapa manane. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba nyingi zinajenga ukuta huo kila muhula na kuulipia kwa fedha ya mboga.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni kufikia 2019. Marekani ikatishia kuwanyima upendeleo wa kibiashara wa AGOA, sheria yake iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Nchi moja baada ya nyingine ikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa upendeleo huo kwa mavazi mwaka 2018. Mjadala ule ulihusu viwanda, ushuru na ajira, nao ulistahili kufanyika. Lakini sikumsikia mtu akiuliza nguo ikishaingia nyumbani, iwe mpya ya kiwanda chetu au kuukuu ya Mjapani, itaishi miaka mingapi. Jibu la swali hilo haliko bandarini, wala haliwezi kutungwa bungeni. Liko kwenye mikono ya watu wa nyumba ile.

Siwaombi mabinti wa Dar es Salaam wavae sufu kwenye joto la Februari. Wa Lushoto na Makete, kwenye baridi yao, watajua wenyewe. Mtu avae anachokipenda, na pamba nyepesi na kitani zipo tele chini ya lile lundo nililolitaja. Ninachoomba ni vitu viwili vidogo. Mzazi anayejua kushona amkalishe mwanawe, wa kike na wa kiume, amfundishe kifungo, pindo na kiraka kabla hajamaliza darasa la saba. Na wanaopanga mitaala wahakikishe kwamba kipindi cha kushona kina sindano, uzi na kitambaa mikononi mwa kila mtoto, hata kama kitambaa chenyewe ni gauni la bibi lililokosa mnunuzi Karume.